Fundi aliyepima kabla ya kutaja bei

Leo nimemchagua fundi atakayeunda upya injini mbadala ya Hiace yetu ya zamani, dizeli aina ya 3L.

Kwenye Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, fundi mmoja alinitajia bei bila hata kuitazama injini. Nilimshukuru, nikaondoka.

Yule wa Eneo la Viwanda, mzee mtaratibu, aliishusha geji, kifaa cha kupimia upana, ndani ya kila silinda, yaani tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka, akapima juu, katikati na chini, akiandika kila kipimo kwa penseli.

Alinieleza kwamba silinda huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi za pistoni zinapofika na kugeuka kurudi chini, na kwamba kipimo hicho ndicho huamua kama itachongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi au itatiwa silivu mpya, yaani bomba la chuma linaloingizwa ndani ya silinda. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, nayo lazima ipimwe nyufa kwanza.

Karatasi ile ya vipimo, ambayo alinikabidhi bila kuombwa, ndiyo iliyonipa imani.

Bei yake ni ya juu, lakini gari hili hubeba watoto wa shule.

Ndugu zangu mliowahi kuundiwa upya injini za dizeli hapa Nairobi, mliandikiana dhamana ya namna gani na fundi, na mlibadilisha oili ya kwanza baada ya kilomita ngapi?