Makoti Matano kwa Safari ya Njombe

Mwezi Juni mwaka 2014, nilipopangiwa kufundisha katika shule ya sekondari mkoani Njombe, sikuwa na koti hata moja. Nilizaliwa na kukulia Tanga, ambako wakati wa kipupwe mtu hujitanda kanga mabegani asubuhi, na jua likishapanda huikunja na kuiweka. Mama mdogo, niliyefikia kwake Ilala siku mbili kabla ya kupanda basi Ubungo, alikuwa ameshakwenda Kariakoo na kurudi na makoti matano mapya, kwa makubaliano na mwenye duka kwamba nisiyoyachukua yarudishwe kesho yake, yakiwa na lebo zake na bila doa. Fedha tulizokuwa nazo zilitosha mawili tu.

Kuchagua nguo ya baridi ndani ya joto la Dar es Salaam ni kazi ngumu, kwa sababu mwili unaotoka jasho hukikataa kila kilicho kizito. Ndiyo maana mkono wangu ulikwenda kwanza kwenye jaketi la jinzi, kisha kwenye lile la ngozi ya kahawia. Mama mdogo aliwasha feni, akaniamuru nivae sweta kwanza ndipo nijaribu, maana koti linalokaa vizuri juu ya blauzi huweza kubana kwapani sweta inapoingia chini yake.

“Inua mkono, mwanangu, kama unayeandika ubaoni.”

Jaketi la ngozi likashindwa papo hapo: mikono ilipanda hadi karibu na viwiko na mgongo ukavutika. Nililivua polepole, kwa kuwa nililipenda kweli, na hadi leo nikiona rangi ile hulikumbuka. Lile la jinzi halikunibana, lakini lilikuwa pamba tupu isiyo na bitana, na pamba ikilowa huchelewa kukauka na kumzidishia mtu baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wake wa asubuhi hulowesha nguo pasipo mvua.

Yalibaki jaketi fupi la kijani, lililojazwa nyuzi laini na kushonwa mistari mistari kama mfarishi, pamoja na makoti mawili ya sufu yanayopita magoti, jeusi na la kijivu. La kijani halikuwa na ubishi, kwa kuwa lilikuwa jepesi na lilihifadhi joto kuliko yote. Ubishi ulikuwa kati ya jeusi na la kijivu. Nililitaka jeusi, nikidai kwamba linakubaliana na kila kitenge nilichonacho. Mama mdogo hakubishana nami; alichovya kidole kwenye unga wa ngano jikoni, akaugusa ushungi wangu mweusi, akanionyesha. Vumbi la chaki lingenifuata mchana kutwa. Nikalichagua la kijivu.

Usiku huo tulitoa magauni yangu yote tukayapanga na makoti hayo. Jaketi fupi juu ya gauni pana la kitenge lilifanya sketi itutumke vibaya kiunoni, hivyo tukaamua livaliwe na sketi nyembamba au suruali, na magauni mapana yaende na koti refu, vifungo vya chini vikiachwa wazi ili kitambaa kipate nafasi ya kucheza. Ushungi mzito ulijikusanya chini ya ukosi kama fundo. Wa pamba nyepesi, ncha zake zikiingizwa ndani kifuani, ulitulia. Kisha mama mdogo alichukua doti yake mpya ya kanga, akaikata katikati, akanifunga kipande kimoja kiunoni chini ya koti na kukificha kabisa, ili nyonga zipate joto nikiwa nimesimama darasani.

Jumatatu yangu ya kwanza nilivaa hivyo hivyo, na nilipoinua mkono kuandika tarehe ubaoni, mshono wa bega haukunivuta.