Fezi Zikipishana, Limiti Swichi Haiokoi Winchi

Bandari ya Kigoma hupakia mizigo ya Kongo na Burundi, na mji huu kwa miaka mingi uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Ukifanya kazi ya umeme kwenye gati la ziwani, kuhama kutoka gridi kwenda jenereta ni jambo la kawaida. Ndiyo maana kosa ninaloliogopa kuliko yote ni fezi, yaani zile waya tatu zinazoleta umeme wa mota, kupishana.

Mota ya fezi tatu hufuata mpangilio wa L1, L2, L3. Ukipishanisha mbili, inazunguka kinyume. Kwenye winchi yenye kontakta za kawaida (swichi kubwa zinazovutwa na koili), dreva anabonyeza kitufe cha kushusha, kontakta ya kushusha inavuta, na ndoano inapanda! Inafika juu na kuigusa limiti swichi, ile inayopaswa kuisimamisha. Swichi inafunguka vizuri kabisa, ila imeungwa kwenye saketi ya kontakta ya kupandisha, ambayo wakati huo wala haijavuta. Mota inaendelea. Ndoano inagota kwenye ngoma inayozungushia kamba, kamba ya waya inakatika, na kilichoning'inia kinaanguka juu ya walio chini. Baadaye ukiipima swichi ile kwa mita, unaikuta nzima.

Dawa yake ni relei ya kulinda mfuatano wa fezi. Ifungwe baada ya swichi ya kubadilishia chanzo, ili ilinde winchi iwe kwenye gridi au kwenye jenereta, na kontakti yake ipite kwenye koili ya kontakta kuu. Ikikata, usiipige jampa (kuiruka kwa kipande cha waya) ili meli imalize kupakia. Inakwambia ukweli. Ongeza limiti ya pili inayokata fezi za mota zenyewe. Hiyo haijali kontakta ipi imevuta.

Mpangilio rekebisha upande wa jenereta, kabla ya swichi ya kubadilishia. Ukigeuza waya kwenye mota, winchi itatulia usiku huo, halafu gridi ikirudi inageuka tena.

Invata, kifaa cha kuongoza kasi ya mota, huwapotosha wengi. Mota inayoendeshwa na invata haibadili mwelekeo, kwa kuwa umeme unageuzwa DC kwanza. Basi toroli inayosogeza mzigo kando, ikiwa na invata, ikienda upande sahihi haithibitishi lolote kuhusu mota ya kunyanyulia iliyo kwenye kontakta.

Kila chanzo kikibadilika, shusha ndoano tupu mita mbili chini ya limiti kabla ya kuzima. Ukiwasha, gusa kitufe cha kupandisha kwa sekunde moja huku jicho likiwa kwenye ngoma. Kisha pima volti wakati winchi inanyanyua, siyo ikiwa imekaa. Jenereta ikishuka kutoka volti 400 hadi 360, nguvu ya mota kuzungusha inabaki asilimia 81 tu, na koili ya breki inaweza kunguruma bila kuachia. Mota inasukumana na breki yake, ovalodi (kinga inayokata mota ikizidiwa) inakata, na fundi mwenye haraka anapandisha kiwango chake cha kukata. Hapo mota inaungua.

Winchi iliyolala wiki nzima kwenye unyevu wa ziwa ipime insulesheni, yaani uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500; chini ya megaomu moja usiiwashe, ikaushe. Waya za invata zifungue kwanza, maana kipimo hicho kinaweza kuua transista zake.