Kitalu Namba 9

Somo: Luka 12:13-21

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Yule mtu aliyepaza sauti mkutanoni, "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu," huwa tunamhukumu mapema mno. Tunamwita mchoyo, tunaruka moja kwa moja kwenye mfano wa tajiri na ghala zake. Lakini Luka hasemi popote kwamba mtu huyu alidai kisicho chake. Huenda kaka yake alikuwa amelikalia shamba la baba yao kweli. Bwana hakumwambia kuwa anasema uongo. Alimwuliza, "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" Kisha akawageukia wote waliokuwapo akawaonya juu ya choyo. Maana yake mtu anaweza kuwa na haki mkononi na choyo moyoni, siku hiyohiyo, katika shauri lilelile.

Nawaletea wiki hii habari ya waamini wenzetu wa zamani, Waswidi waliokwenda kuchimba madini kaskazini mwa Marekani. Naona wao na yule mtu wa Luka wangeelewana.

Uswidi tunayoisikia leo ni nchi tajiri. Ile ya mwaka 1867 hadi 1869 ilikuwa nchi ya njaa. Mavuno yalikufa, na watu wakaanza kupanda meli kwa makundi; kufikia miaka ya 1920 zaidi ya Waswidi milioni moja walikuwa wamehamia Marekani. Wengi walikwenda kulima, ila wako walioishia kaskazini mwa Michigan, kwenye chuma cha Ishpeming na Negaunee au shaba ya Calumet. Huko theluji hukaa miezi mingi. Wakati wa baridi mchimbaji aliingia shimoni kabla ya jua kuchomoza na kutoka likiwa limekwisha kuzama, akaliona mchana siku ya Jumapili tu.

Jumapili hiyo walikuwa na kazi nayo. Wengi wao walikuwa watu wa uamsho. Kwao Uswidi, sheria ya mwaka 1726 ilikataza watu kukutana majumbani kusoma Neno bila kasisi, na haikufutwa hadi 1858. Mkutano ambao kwetu ni jumuiya ya kawaida ya katikati ya wiki, yenye chai na watoto wanaosinzia, wazee wao waliweza kushtakiwa kwa ajili yake. Kwa hiyo walipofika mahali ambapo hakuna aliyewakataza, walikutana kweli. Mwaka 1885 watu wa uamsho huo walikusanyika Chicago wakaunda kanisa lao, Kanisa la Agano la Waswidi, na miaka miwili tu baadaye wakamtuma Axel Karlson hadi Unalakleet, pwani ya Alaska, kwa Wainupiati, wenyeji wa pwani ile. Sadaka za watu waliokuwa wanahesabu senti ndizo zilizompeleka.

Mpaka hapo habari ni tamu. Ningeweza kuishia hapa nikasema "tazameni imani yao," nanyi mngesema amina.

Lakini mwaka 1898 ilionekana dhahabu.

John Brynteson, kijana kutoka Dalsland, alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika migodi ya Michigan kabla ya kwenda Alaska, kwenye ghuba ya Golovin, ambako kanisa lake lilikuwa na misheni. Huko akakutana na Erik Lindblom, fundi cherehani aliyetoroka melini, na Jafet Lindeberg, aliyekuja na mradi wa serikali wa kufuga kulungu wa kaskazini. Watu waliwaita Waswidi watatu wenye bahati, ingawa Lindeberg alikuwa Mnorwe. Septemba ya mwaka huo walifika kwenye kijito walichokiita Anvil, wakachekecha mchanga, wakaona. Walisimamisha vigingi vya kudai vitalu vyao, yaani vipande vya ardhi ya kuchimba, na wakasimamisha vingine vingi kwa niaba ya jamaa na marafiki. Hilo la mwisho liliwaudhi sana waliofika nyuma yao wakakuta kijito kizima kina majina. Tusiwafanye watakatifu kuliko walivyokuwa.

Sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watu 12,488 katika mji wa Nome, mahali ambapo miaka miwili kabla hapakuwa na mji. Baadhi yao walitaka vitalu vya Waswidi vifutwe kwa hoja kwamba wageni hawana haki ya kumiliki. Kisha Julai 1900 akaja jaji mpya, Arthur Noyes, akifuatana na mwanasiasa mmoja mwenye nguvu, Alexander McKenzie. Jaji akamkabidhi McKenzie vitalu vinono avisimamie kesi zikiendelea, naye akaanza kuchimba dhahabu ya watu. Wenye mali wakapeleka malalamiko hadi mahakama ya rufani ya San Francisco. Kabla mwaka haujaisha McKenzie alikuwa amekamatwa. Noyes naye baadaye akatozwa faini na kuondolewa.

Nalitaja hili kwa sababu wako ndugu wanaofundisha kwamba mkristo haendi mahakamani kamwe. Paulo mwenyewe alikata rufani kwa Kaisari. Mwizi wa nje alikabiliwa kwa sheria, na kwa miezi michache akashindwa.

Kesi ya ndani ndiyo iliyowashinda.

Kwenye kijito kile kulikuwa na kitalu kilichojulikana kama Namba 9, na kilitoa dhahabu nyingi. Aliyekimiliki alikuwa P. H. Anderson, mmisionari na mwalimu wa misheni ya Golovin. Swali likazuka: kilikuwa chake, au alikishika kwa niaba ya kanisa lililomtuma na kumlipa? Yeye alisema ni chake. Tena hakuwa mtu wa kukumbatia mali. Alitoa fedha nyingi kwa kazi ya kanisa. Upande mmoja ulizipokea kama zawadi. Upande mwingine ukasema hiyo ni sehemu ndogo tu ya kilichokuwa cha kanisa tangu mwanzo. Shauri likatoka kwenye vikao vya ndugu likaenda kwa mawakili, na likaburuzwa zaidi ya miaka kumi. Watu waliokuwa wamepiga magoti pamoja wakiwa maskini wakawa wanatoleana ushahidi wao kwa wao.

Mimi sina hukumu juu ya kitalu hicho. Nikisoma hoja za pande zote naona kila mmoja ana jambo. Hilo ndilo linalonitisha. Laiti mmoja angekuwa mwizi wa wazi kama McKenzie, shauri lingekwisha upesi.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyekwenda nalo mahakamani. Majira hayohayo ya mwaka 1900, surua na mafua viliwapiga wenyeji wa pwani ile, watu ambao miili yao haikuwa na kinga ya magonjwa hayo. Wakafa wengi mno, familia nzima nzima, na mayatima wakapokelewa misheni. Nchi ile ilikuwa yao. Kijito kile kilikuwa chao kabla hakijaitwa Anvil, na vijana wawili Wainupiati, Constantine Uparazuck na Gabriel Adams, wanakumbukwa kwa kuwaongoza wageni. Hata hivyo Wainupiati hawakuhesabiwa kuwa raia wa Marekani hadi 1924, na haki yao ya kuwa na kitalu ilikuwa ya mashaka mbele ya sheria ya wachimbaji. Ndugu wawili wa Luka waligombea urithi wao wenyewe. Waswidi hawa waligombea urithi wa mtu wa tatu aliyekuwa anaugua karibu yao. Nawashukuru wamisionari waliowauguza wagonjwa na kuwalea watoto. Kanisa lilelile liliwalea mayatima na likagombania dhahabu, na yote mawili ni kweli.

Sisi si watazamaji tu wa mambo haya. Wahamiaji Waswidi wa Kilutheri, waliounda kanisa lao la Augustana huko Marekani mwaka 1860, ndio walioleta wamisionari wao Iramba, Singida, katika miaka ya 1920. Wako wanaosoma tafakari hii ambao bibi zao walibatizwa na watu hao. Tumerithi nyimbo, hospitali, na namna ya kukaa pamoja tukisoma Neno. Nadhani tumerithi pia tabia ya kuamini kwamba kwa kuwa sote tumeokoka, hakuna haja ya kuandikiana mikataba.

Basi katika jumuiya wiki hii, baada ya kusoma Luka, naomba tuulizane mambo ambayo kwa kawaida tunaona haya kuyauliza. Kiwanja cha usharika kimeandikwa jina la nani? Mchungaji aliponunua shamba akiwa kazini kwetu, na sisi tukachangia, tulichangia kama zawadi au kama wabia? Namba ya simu inayopokea michango ya kwaya imesajiliwa kwa nani, na huyo akiitwa na Bwana usiku huu, nani anaijua namba ya siri? Na jirani wa kanisa, yule ambaye ukuta wetu mpya umeingia hatua mbili kwake, ameulizwa?

Yaandikeni majibu, yasainiwe, yaletwe kikao cha wazee wa kanisa siku ya Alhamisi. Kwaya waanze.