Nilivyomsemea Oma matangani kwao

Ijumaa ile tulimzika Oma saa tano asubuhi, na kabla sijawahi hata kukung'uta mchanga kwa viatu binti yake mkubwa akanivuta kando akanambia, Jumapili usiku matangani utasema. Nkamuuliza niseme nini mimi? Akanambia sema chochote, wewe ndo ulokaa nae miaka saba, sisi tulikuwa twaja na maua na kuondoka. Basi nkarudi nyumbani na hino kazi kichwani.

Niwaeleze kwanza. Mimi ni wa Mombasa, Kibokoni, nafanya kazi ya kuangalia wazee hapa London kaskazini. Ejensi ilinipeleka kwa Oma 2015 kwa sababu kwenye fomu yangu pale pa lugha nimeandika Kiswahili. Ajuza wa Kiyahudi, mzaliwa wa Frankfurt, miaka 85, ataka mtu wa Kiswahili? Nlidhani wamekosea nyumba. Oma ni bibi kwa Kijerumani, na kila mtu alimwita hivo, wajukuu, muuza samaki, hata rabai, kiongozi wao wa dini, manake yeye mwenyewe ndo alosema aitwe hivo na mambo yakaisha.

Alifungua mlango na mkongojo wake, akaniangalia juu chini. "Wewe nachelewa. Kuja. Lete chai pesi pesi."

Wallahi nlisimama pale mlangoni nkajiuliza nicheke ama nirudi zangu kwa basi. Ile ilikuwa Kisetla, Kiswahili cha masetla wa Kizungu wa bara, kile hakina samahani wala tafadhali, ni lete, toka, pika, hapana taka. Mama zetu wakikiigiza sebuleni watu hucheka mpaka machozi, lakini kuambiwa wewe mwenyewe, London, mwaka 2015, haichekeshi sana.

Kisa chake nlikipata kidogo kidogo, mara nyingi tukikunja nguo. Babake alipata viza ya Kenya baada ya ule usiku wa Novemba 1938 ambao masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima. Siku moja alinitolea pasipoti ya mamake kutoka kwa mkebe wa biskuti, ina herufi J kubwa nyekundu, ya Jude, yaani Myahudi, na katikati ya jina pameongezwa Sara, manake serikali ya Hitler ilikuwa imeamrisha kila mwanamke wa Kiyahudi ambae jina lake haliko kwenye orodha yao aongezewe Sara, na wanaume Israel. Waliruhusiwa kutoka na pesa mark kumi kila mtu. Wakashuka Kilindini mwanzo wa 1939, yeye ana miaka 8, babake akapata kazi ya kusimamia shamba la mtu upande wa Nakuru, na hata mwaka haujaisha vita ikaanza, Mwingereza akamshika babake akamfungia kama adui kwa kuwa pasipoti ni ya Kijerumani. Oma alikuwa akisema, huko tulifukuzwa kwa kuwa Wayahudi, huku tukafungiwa kwa kuwa Wajerumani, mimi nikamwambia mama bora tuwe Wakikuyu. Bibi yake alobaki Frankfurt alichukuliwa 1941, hakurudi. Hilo alilisema mara moja tu, akaendelea kukunja shuka.

Na usimguse kwa habari ya 1903, vile Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitaka kuwapa Mayahudi Uasin Gishu iwe nchi yao na mkutano wao mkuu ukaikataa 1905. Alikuwa akikasirika kama jambo la juzi. Mimi nilikuwa namwambia Oma, na wenyewe wa Uasin Gishu je, waliulizwa? Akanyamaza, akasema chai imepoa.

Sasa kuhusu lile jambo letu la Kisetla. Mwezi wa kwanza nlivumilia, jikoni kwake nkapajua, nyama na maziwa havichanganywi, sufuria za nyama zina alama nyekundu za maziwa buluu, ukila nyama ngoja masaa matatu ndo utie maziwa kwa chai. Hayo hayakunisumbua, mimi nguruwe sili, nachinjiwa kwa utaratibu, tulikuwa twaelewana bila kuelezana. Siku moja nkakoroga mchuzi wa nyama kwa kijiko cha maziwa na nusura anitoe roho. "Wewe hapana macho? Toa! Toa!" Nkakitoa kile kijiko nkakiweka juu ya meza polepole, nkamwambia, Oma, hiki unachosema si Kiswahili, hizi ni amri tu. Kwetu mtu akitaka kitu husema naomba.

Siku mbili hakunisemesha Kiswahili, Kizungu tu, tena kidogo. Siku ya tatu nko jikoni nkasikia mkongojo unagonga sakafu, ko ko ko. "NAOMBA CHAI!"

Kwa sauti ile ile. Naomba yake ilikuwa na bunduki, lakini ilikuwa naomba. Akaitisha daftari, akaandika, naomba, tafadhali, samahani, kama haikusumbui, mzee wa miaka 85 anajifunza adabu ya lugha upya na kunikosoa mimi mwalimu kuwa nasema haraka. Afu kuna Ijumaa jioni, Sabato ya Mayahudi, wao wakiwasha mishumaa dakika 18 kabla jua kuzama, basi hadi Jumamosi usiku hawawashi taa wala kuzima, na mimi nisie Myahudi hafai kuniambia washa. Akikaa gizani hukohoa kidogo, "Eh, hapa kiza leo." Nami nawasha. Masaa 25 kwa wiki Oma hakuweza kuamrisha mtu, na ndo masaa nliyompenda zaidi.

Ni Jumamosi moja kama hiyo alinambia habari ya mpishi. Kiswahili chake chote alifunzwa na mpishi wa pale shambani, mtu mzima wa umri wa babake, akimbeba mabegani, akimpa viazi vya kuchoma. Na yeye mtoto wa miaka tisa akimwambia lete, toka, kwa kuwa ndivo wakubwa walivokuwa wakisema. "Mimi najua jina moja tu," akasema. "Jina la baba yake sijui. Yeye nafundisha mimi lugha, na mimi sijui yeye mtoto wa nani." Akanishika mkono. Nlipotaka kumfariji akanambia nyamaza, mimi si mgonjwa.

Turudi kwa ile Jumapili. Jumamosi nkakaa na karatasi nkaandika vile tunavosikia matangani Kenya, alizaliwa, alisoma, aliolewa, ameacha watoto watatu wajukuu wanane. Nkampigia mama WhatsApp nkamsomea. Akasikiza mpaka mwisho, akasema, mwanangu, hiyo ni CV, yuwatafuta kazi wapi huyo maskini? Afu akaniuliza, alikuwa akikukera na nini? Nkacheka. Nkampa la kijiko, la naomba, la kiza, mama huko acheka na mimi huku nalia. Akasema basi kaseme hayo.

Shida ni moja. Ile familia ilikuwa ikijivunia sana Kiswahili cha Oma. Kila mgeni aambiwa, unajua Oma azungumza Kiswahili, kana kwamba ni piano. Hawajui ni Kiswahili gani. Niwatie doa siku ya matanga? Usiku mzima nilijigeuza kitandani. Nkaona nikisema alikuwa mpole, aliyelala kule makaburini Bushey atainuka anipige na mkongojo.

Mazishi yenyewe hayakunifanya mgeni, kusema kweli. Alifariki Alhamisi alfajiri, kesho yake yuko ardhini, wanawake wenzake wamemwosha kwa kujitolea, sanda nyeupe haina mfuko, sanduku la mbao tupu, hakuna maua. Nlihisi niko kwetu. Tofauti ni kuwa kwetu wanawake hatuendi kaburini, mimi sijawahi kuona mtu akizikwa, hata babangu. Hapo wanatia udongo wenyewe, na beleshi halipokezwi mkononi, ukimaliza unalidunga kwenye mchanga na mwenzako analichukua mwenyewe. Nlipoliona limedungwa mbele yangu nkajua ni zamu yangu. Nkatia mara tatu.

Jumapili nyumba imejaa, vioo vimefunikwa shuka, watoto wake wamekaa viti vifupi karibu na chini, mshumaa unawaka, watu wapita wakiwaambia nakutakia maisha marefu, ndo pole ya Mayahudi wa Uingereza hiyo. Sala ikaisha, rabai akanionyesha kwa mkono. Karatasi ikawa yatetemeka mpaka yatoa sauti, nkaikunja nkatia mfukoni.

Nkaanza na kijiko, wakacheka, kila mtu mle ndani alishawahi kutukanwa kwa ajili ya kijiko. Nkawaambia hapa kiza, wakacheka zaidi. Afu nkawaambia Kiswahili cha Oma kilikuwa cha aina gani, alikitoa wapi, na vile alivokubali kukifunza upya kutoka kwa mfanyakazi wake akiwa na miaka 85. Kicheko kikakatika. Nkasema la mpishi. Nkasema jina lake lile moja, ili angalau lisemwe mle ndani. Binti yake mkubwa alikuwa ameangalia zulia na nkajua, basi, nimeharibu.

Kimya kile sijui kilikuwa cha muda gani. Kuna mzee nyuma kabisa, kofia yake imekaa upande, sikuwa namjua, kumbe nae alilelewa Eldoret. Akainuka kwa shida, akasema kwa Kisetla kile kile, "Kweli kabisa. Sisi pia hapana uliza." Akakaa. Hakuna aloelewa isipokuwa mimi nae, na binti akaniomba nimtafsirie, nkamtafsiria, akaja akanikumbatia kwa nguvu mpaka ushungi ukanivuka.

Watu walipopungua nkaenda jikoni kuosha vikombe, vya buluu upande wake. Mjukuu wa mwisho, wa miaka kumi na moja, akaja nyuma yangu, akagonga kabati na ule mkongojo wa Oma.

"NAOMBA CHAI!"

Nkamwambia birika lile pale, kajitilie.