Siku moja karakana kwetu: fundi umeme wa magari, Tabora

Saa 1 asubuhi nafungua karakana Isevya. Betri, taa za breki za bajaji, honi isiyolia: hadi saa 4 zimeisha. Wengi wanadhani fundi umeme anaunga waya tu. Siku hizi nahangaika zaidi na pembe: usukani umekata kiasi gani, kisahani cha throto, yaani kile kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini, kimefunguka kiasi gani.

Saa 4 na nusu akaingia mzee na Noah ya abiria wa Urambo. Gari linasitasita likianza kuchanganya, taa ya injini inawaka.

"Fundi, nifutie hiyo taa, abiria wananisubiri."

"Mzee wangu, nikiifuta itawaka tena njiani."

Hakutaka kusikia. Akampigia mwenye gari, naye akaniambia pampu ya mafuta imeshabadilishwa na tatizo liko palepale. Hapo ndipo ninapoumia: pesa ya mtu imeteketea kwa kubahatisha.

Nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikashika waya wa sensa ya throto, kifaa kinachopima pembe ya kile kisahani, kwa mita ya mshale, maana mita ya namba huweza kupitwa na hitilafu ya kufumba na kufumbua. Nikazungusha kisahani polepole: nusu volti, moja, moja na nusu, mara mshale ukaanguka, ukarudi, ukapanda hadi volti 4 na ushee. Ndani ya sensa kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoisugua. Pale mguu wa dereva unapokaa zaidi ndipo kaboni inapolika. Mzee akaniomba nirudie, kisha akazima simu.

Bodaboda akaleta sensa nyingine ambayo soketi haiingii. Akarudishwa. Jua kali, chakula hakijaliwa. Tukisubiri, nikamweleza dogo wangu kuhusu sensa za pembe zinazotumia mawimbi ya maikrowevu, jamii ya mawimbi ya redio: kipete cha shaba chenye mwanya, kimechapwa kwenye kibao kinachozunguka karibu na njia ya mawimbi. Kipete kina masafa yake, yaani kasi ya mtetemo wa wimbi, kinayoitikia. Kikizunguka, mwitikio unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kuwa pembe. Hakuna kinachosuguana. Akauliza vumbi letu je? Nikamwambia vumbi kavu huziba sensa ya mwanga, mawimbi haya halisumbui sana.

Alasiri imeshapita ndipo spea sahihi ikafika. Mshale ukapanda bila kuanguka. Mzee akataka nipunguze hela ya kupima, eti kupima si kubadilisha kitu. Sikupunguza. Akalipa, akaenda kupakia, nami nikavuta bajaji iliyokuwa ikisubiri tangu mchana.