Weusi wenye ulemavu na mapambano yanayowasahau

Mapambano ya Wamarekani Weusi dhidi ya ubaguzi wa rangi yanafahamika hadi vijijini kwetu, na mapambano ya watu wenye ulemavu nchini humo nayo yameandikwa kwa wingi, lakini ukizisoma historia hizo mbili kwa pamoja utaona jinsi mtu Mweusi mwenye ulemavu anavyopotea katikati yake. Johnnie Lacy, mwanamke Mweusi aliyeugua polio akiwa na umri wa miaka 19 na ambaye baadaye aliongoza kituo cha maisha ya kujitegemea, yaani kituo kinachowasaidia watu wenye ulemavu kujisimamia maishani, mjini Hayward, California, alilieleza jambo hili bila kuficha: miongoni mwa Weusi wenzake alitengwa kwa sababu ya ulemavu, na miongoni mwa wenye ulemavu alitengwa kwa sababu ya rangi. Kwa maoni yangu, yeyote anayesema anaunga mkono haki ya rangi huku akimwachia mtu mwingine suala la ulemavu, au kinyume chake, hajamuunga mkono Lacy hata kidogo.

Mtu ninayependa kumtaja katika mazungumzo haya ni Brad Lomax. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1950, akagundulika akiwa kijana mdogo kwamba ana ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaodhoofisha mwili hatua kwa hatua, na hatimaye akalazimika kutumia kiti cha magurudumu. Wakati huohuo alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi kilichopigania haki zao, ambacho wasomaji wa Arusha wanakifahamu kupitia mwanachama wake Mzee Pete O'Neal, aliyekimbilia Tanzania mwaka 1972 na kuweka makazi Imbaseni. Lomax alipohamia Oakland, California, mabasi ya mji hayakuwa na kifaa cha kunyanyulia kiti cha magurudumu. Ndugu yake, Glenn, alilazimika kumwinua kutoka kitini, kumpandisha ngazi za basi, kumketisha, kisha kushuka tena kukifuata kiti. Chama kilichojulikana kwa kutoa chakula cha asubuhi kwa watoto na kupima afya za watu maskini kilikuwa na mwanachama asiyeweza kupanda basi bila kubebwa, na ni Lomax mwenyewe aliyekifumbua macho. Mwaka 1975 alimwendea Ed Roberts, Mzungu mwenye ulemavu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha maisha ya kujitegemea mjini Berkeley, akapendekeza wafungue tawi Oakland Mashariki, mahali walipoishi Weusi wengi, na tawi hilo likafunguliwa.

Miaka miwili baadaye matunda ya uhusiano huo yalionekana. Sheria ya Utengamao ya mwaka 1973 ilikuwa na kifungu cha 504, kilichokataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, lakini serikali ilikaa miaka minne bila kutoa kanuni za utekelezaji, na kifungu kikabaki maandishi tu. Aprili 5, 1977, watu wenye ulemavu wakaingia katika ofisi za Wizara ya Afya, Elimu na Ustawi wa Jamii katika miji kadhaa. Mijini kwingine walitoka baada ya muda mfupi, lakini San Francisco zaidi ya watu 100 walikataa kuondoka, wakalala sakafuni wiki baada ya wiki, wengi wao bila dawa za kutosha, bila vitanda, na bila watu wao wa kuwahudumia. Simu zilipokatwa, viziwi waliokuwa ndani walisimama madirishani wakawasiliana kwa lugha ya alama na wenzao waliokuwa nje.

Wangestahimili siku ngapi bila chakula? Lomax alikuwa ndani, pamoja na Chuck Jackson, mwanachama mwenzake wa Black Panther aliyekuwa akimhudumia, na ambaye mle ndani aliwahudumia na wengine. Kwa sababu yao, chama kilipika Oakland na kuvusha chakula cha moto hadi upande wa pili wa ghuba kila siku kwa muda wote huo, bila kudai malipo. Naomba msomaji azingatie hesabu yake: zaidi ya watu 100, kila siku, kwa zaidi ya wiki tatu, kutoka kwa chama ambacho hakikuwa na fedha za kuchezea na kilichokuwa kimeandamwa na polisi kwa miaka. Ujumbe wa waandamanaji ulipotumwa Washington kumbana Joseph Califano, Waziri wa wizara hiyo, Lomax na Jackson walikuwamo, na nauli yao ililipwa na chama. Aprili 28 Califano akazitia saini kanuni za kifungu cha 504. Juu ya msingi wa kanuni hizo ndipo ilipojengwa sheria kubwa ya mwaka 1990 ya haki za Wamarekani wenye ulemavu.

Majina yanayotajwa zaidi katika kisa hiki ni ya Judy Heumann na Kitty Cone, wanawake Wazungu wenye ulemavu, na kwa kweli walistahili, kwani uongozi wao ulikuwa wa hali ya juu. Lomax alifariki mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 33, na kwa miongo mingi hakuna aliyemkumbuka nje ya mduara mdogo wa waliokuwapo. Lois Curtis naye, mwanamke Mweusi wa Georgia aliyefungiwa kwa miaka katika hospitali za serikali ingawa madaktari walikubali kwamba angeweza kuishi uraiani, alishinda kesi katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1999, na hukumu hiyo imewatoa watu wa kila rangi katika taasisi walimofungiwa. Ni wangapi wanaonufaika nayo wanaolijua jina lake?

Usahaulifu huu una gharama. Natasha McKenna, mwanamke Mweusi aliyekuwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, alipigwa shoti ya umeme mara 4 akiwa amefungwa pingu katika jela ya Virginia mwaka 2015, akafa siku chache baadaye. Ukimlilia kama Mweusi tu hutadai huduma za afya ya akili zilizopaswa kumfikia kabla ya jela, na ukimlilia kama mgonjwa tu hutauliza kwa nini mgonjwa Mweusi huonekana tishio kwanza.

Jambo hili linatugusa na sisi tunaozungumza Kiswahili Marekani, wakiwamo maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo, kwa sababu mtoto wetu akiingia darasani hahesabiwi kuwa Mkongomani au Mtanzania bali Mweusi. Katika kesi ya Larry P. huko California, iliyoamuliwa mwaka 1979, mahakama ilikuta kwamba vipimo vya akili vilikuwa vikiwasukuma watoto Weusi wasiostahili kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili, na hadi leo watoto Weusi huwekwa katika kundi hilo kwa kiwango kinachozidi idadi yao. Wazazi wetu wengi huitwa kwenye kikao cha mpango wa elimu maalumu, hutabasamu kwa heshima mbele ya walimu, kisha hutia saini karatasi wasizozielewa. Sheria inaitaka shule ihakikishe kuwa mzazi anaelewa kinachozungumzwa, ikiwa ni pamoja na kumleta mkalimani bila malipo, na mzazi asiyeridhika na tathmini ya shule anaweza kuomba ifanywe upya na mtaalamu wa nje kwa gharama ya shule. Ombi hilo liandikwe, liwe na tarehe, na mzazi abaki na nakala yake. Aliye na Kiingereza cha kutosha katika jumuiya anaweza kumwandikia jirani yake barua hiyo kwa nusu saa, na siku ya kikao akaenda kuketi naye.