Mgomo wa reli Milano: tulivyoiacha Venezia tukaishia Innsbruck

Mpango wa Ijumaa ulikuwa mwepesi: treni ya kasi kutoka Milano Centrale asubuhi, saa mbili na nusu baadaye tuko Venezia. Alhamisi jioni tukapita stesheni kununua maji, na kila skrini imeandikwa neno moja: SCIOPERO. Mgomo wa saa 24, kuanzia Alhamisi saa 3 usiku hadi Ijumaa saa 3 usiku.

Hapo tulijikwaa wenyewe. Sheria ya Italia namba 146 ya mwaka 1990 inataka mgomo wa huduma kama reli utangazwe angalau siku 10 kabla, na wizara yao ya uchukuzi inaweka kalenda ya migomo mtandaoni. Hata usiyejua Kiitaliano unaisoma: tarehe, sekta (tafuta neno ferroviario, yaani ya reli), eneo, saa ya kuanza na kumaliza. Migomo mingi huangukia Ijumaa. Sasa hivi sikati siti ya treni ya Italia kabla ya kuifungua hiyo kalenda.

Mgomo wa Italia haumaanishi treni zote zimelala. Siku za kazi kuna vipindi viwili ambavyo treni za mikoani lazima zitembee: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Jumapili vipindi hivyo havipo. Treni za masafa marefu zina orodha yake ya zilizohakikishwa, chache tu, na yetu haikuwemo. Treni ambayo mgomo umeikuta njiani hufika mwisho wake kama umebaki mwendo usiozidi saa moja. Zaidi ya hapo inaweza kukushusha stesheni yoyote ya katikati. Mtego mwingine ni kwamba treni inayoondoka ndani ya kipindi siyo lazima iwe imehakikishwa. Kwenye mistari ya Lombardia, mkoa wa Milano, inatakiwa iondoke baada ya saa 12 na iwe imefika mwisho wa safari kabla ya saa 3. Wanaoshindwa kuondoka siku ya mgomo wengi hunasa hapo: wanaona treni ya saa 2:25 kwenye ratiba, wanajipanga, wanaikuta imeandikwa cancellato, imefutwa.

(Kwa sisi wa saa za Kiswahili: tiketi yao imeandikwa 06:20, mdomoni ni saa 12 na dakika 20. Mimi na mwenzangu tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba kwenye meseji tunaandika tarakimu za tiketi tu. Anayeandika "saa tatu" bila kufafanua ndiye anayenunua chakula siku hiyo.)

Tukakaa chini na karatasi. Kwenda Venezia kwa treni za mikoani kulikufa mapema. Milano hadi Verona ni karibu saa mbili, na Verona hadi Venezia ni zaidi ya saa moja tena. Ungeondoka saa 12 na nusu, saa 3 ingekukuta Verona, na hapo ungekaa mpaka saa 12 jioni. Basi za mbali zilikuwepo, lakini nauli ya Ijumaa ya mgomo ilikuwa imeshapaa, nasi tayari tuna pasi za treni zilizolipiwa, yaani tiketi moja ya kupanda treni nyingi za Ulaya. Kungoja mgomo uishe saa 3 usiku nako hakukutoa kitu, maana treni na madereva wanakuwa wametawanyika, na huduma hairudi sawa hadi kesho yake.

Kilichobaki ni kutoka nje ya mtandao uliogoma. Tukageuza swali: badala ya "tufikeje Venezia?" tukauliza "ni treni gani iliyohakikishwa inayofika mpakani kabla ya saa 3?" Jibu likawa moja. Treni ya 06:20 kutoka Milano Centrale kwenda Tirano, inayofika 08:52. Dakika 8 tu ndani ya kipindi, lakini ipo ndani, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Tirano ni mji wa Italia ulio mlangoni mwa Uswisi, na kutoka hapo reli ni ya Waswisi, ambao hawakuwa na mgomo wowote.

Kazi ya usiku ule tuliigawa. Mwenzangu alishika mambo ya pesa, mimi nikashika njia.

Pesa kwanza. Siti mbili za treni ya kasi, euro 13 kila mmoja juu ya pasi, zinarudishwa kwa sababu ya mgomo ukiomba kabla ya saa ya kuondoka kwa treni. Ukiomba baada ya hapo unaanza kubishana. Tulikuwa tumenunua dirishani, kwa hiyo tukarudi dirishani usiku huohuo, foleni ya dakika 40. Hosteli ya Venezia tuliandikia. Nafasi yetu ilikuwa ya bei nafuu isiyorudishwa, wakakataa. Usiku mmoja ukapotea. Tangu hapo, mji wowote wa Italia nachukua kitanda kinachoweza kufutwa hata kama kimezidi euro mbili tatu.

Pasi nayo ina mambo yake. Mimi natoka Tanzania, natumia Eurail, pasi ya wanaoishi nje ya Ulaya. Mwenzangu anasoma Ujerumani na ana kibali cha kuishi huko, kwa hiyo yeye ni Interrail, ya wakazi wa Ulaya. Treni ni zilezile, ila yake inambana ndani ya Ujerumani kwenyewe: safari ya kutoka na ya kurudi tu. Zote mbili zilikuwa za siku kadhaa ndani ya mwezi, na siku moja ya safari huhesabiwa kuanzia saa 6 usiku hadi saa 6 usiku inayofuata. Maana yake kama siku imeshachomwa, itumie mpaka mwisho. Treni moja ya kufika mpakani au treni tano hadi Austria, pasi inakata siku ileile moja. Ndiyo maana hatukuishia Uswisi. Hilo, na bei za vitanda vya Chur, mji wa Uswisi ulio njiani, tulizoziona kwenye simu.

Njia ikawa hivi: Milano, Tirano, St. Moritz, Chur, Sargans, Innsbruck. Hakuna kipande hata kimoja hapo kinacholazimisha kukata siti, nami sikuacha hilo litokee kwa bahati. Kutoka Tirano kuna treni ya kitalii yenye madirisha hadi darini, Bernina Express, na hiyo inadai siti ya kulipia hata kwa mwenye pasi. Kuna pia treni ya kawaida ya mkoa, inayopita juu ya reli zilezile na kuona milima ileile, bure kwa pasi. Kwenye programu ya pasi ya kwenye simu kuna kitufe cha kuficha treni zinazohitaji siti. Kiwashe kabla ya kutafuta, usije ukapanga safari nzima juu ya treni usiyoweza kupanda.

Safari zote tano niliziingiza kwenye programu usiku, tukiwa na intaneti ya hosteli, nikapiga picha ya skrini ya kila ratiba pamoja na treni inayofuata baada yake. Sababu ni Uswisi. Ipo ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kwa hiyo visa yako ya Italia inakuvusha bila swali, lakini haimo Umoja wa Ulaya, na laini ya simu iliyonunuliwa Italia si lazima ifanye kazi huko kwa bei ileile. Ukivuka Campocologno, stesheni ya kwanza ya Uswisi, data ikiwa imewashwa, salio linaweza kuyeyuka kabla hujaliona ziwa. Zima data ya nje, tumia picha zako. Kuhusu chaji, kichwa chembamba cha pini mbili za duara kinaingia Italia na Uswisi. Kile kinene cha Kijerumani hakiingii kwenye soketi ya Uswisi. Chaji kila kitu kabla ya kulala.

Mabegi tulifunga usiku, sweta na koti juu kabisa. Chakula tulinunua Alhamisi: mikate miwili, jibini, ndizi, lita tatu za maji. Mgomo ukigusa na usafiri wa mjini, metro nayo huwezi kuiamini, kwa hiyo tulitembea, dakika 25 na begi la kilo 11 mgongoni. Milano Centrale majukwaa yako ghorofani, na kabla ya kuyafikia kuna vizuizi vya kukagua tiketi. Tiketi ya pasi ifungue, msimbo wa QR uwe tayari mkononi, usianze kuutafuta mbele ya mlinzi. Ongeza dakika 15.

06:20 iliondoka kwa wakati. Baada ya Lecco reli inashika ukingo wa ziwa Como, na kutoka hapo ni njia moja tu, treni zinapishana stesheni. Treni ya mbele ikichelewa nawe unachelewa, lakini sisi hatukuwa na hofu kubwa kwa sababu Tirano treni za Uswisi hutoka karibu kila saa. Stesheni ya Italia na ya Uswisi zinapakana, unatoka moja unaingia nyingine kwa dakika mbili, pasipoti mkononi maana maofisa wa forodha huwa wanakaa pale.

Treni nyekundu ya Bernina inaanza kama tramu, inapita barabarani mjini, inakatiza mbele ya kanisa la Madonna di Tirano, magari yanaisubiri. Tirano ni mita 429 juu ya usawa wa bahari. Ospizio Bernina, kilele cha reli, ni mita 2,253. Inapanda bila reli ya meno katikati, mteremko hadi mita 70 kwa kila mita 1,000, kwa kujizungusha. Kwenye kijiji cha Brusio inapita chini ya daraja la mawe lenye umbo la duara, halafu inalizunguka na kupita juu yake. Milano tuliondoka na fulana. Ospizio, mwezi Mei, theluji ilikuwa bado imelala kando ya reli. Ndiyo kazi ya koti lile la juu ya begi.

Pale juu kuna jambo dogo la kutazama. Maji ya Lago Bianco yanashuka kusini kuelekea bahari ya Adriatiki. Maji ya Lej Nair, ziwa dogo jeusi lililo jirani kabisa, yanashuka kaskazini, yanaingia mto Inn, kisha Danube, hadi Bahari Nyeusi. Mto Inn huohuo ndio uliopita chini ya daraja la Innsbruck tulikokwenda kulala.

St. Moritz hadi Chur ni saa mbili, Chur hadi Sargans dakika 20 na ushee. Kubadili treni Uswisi mara nyingi unapewa dakika 6 au 7, na zinatosha, kwa sharti kwamba begi liko mgongoni kabla treni haijasimama. Mmoja wetu alikuwa akitangulia mlangoni kusoma namba ya jukwaa, mwingine anakagua siti kama kuna simu iliyosahaulika. Sargans tukapanda treni ya Vienna. Kwenye stesheni ya Buchs inageuza mwelekeo, usishtuke ukaona unarudi ulikotoka. Kisha inakatiza nchi ndogo ya Liechtenstein, inapita handaki la Arlberg la zaidi ya kilomita 10 lililofunguliwa 1884, na jioni iko Innsbruck. Polisi waliingia kukagua pasipoti. Usiiweke kwenye begi lililo juu ya rafu.

Siti katika treni hiyo ya mwisho hazilazimishwi, ila juu ya kila kiti kuna kiskrini. Kikionyesha majina ya miji miwili, kiti kina mwenyewe kwa kipande hicho tu. Tulikaa kwenye kilichoandikwa Innsbruck–Wien (Wien ndiyo Vienna kwa Kijerumani), kwa kuwa tungeshuka mwenye kiti akipanda.

Tulivyofika, kitanda cha hosteli kilikuwa kimekatwa tukiwa Chur, kwa intaneti ya stesheni. Euro 26 za siti zilirudi kwenye kadi baada ya wiki tatu.